Kipokezi kipo, ishara haifiki: kutafuta hitilafu kati ya vipokezi vya glutameti, PSD-95, Shank na Homer

Anayechunguza jinsi glutameti, kemikali ambayo seli za neva hupelekeana nayo ujumbe, inavyoamsha vimeng'enya ndani ya nyuroni hukutana sana na jibu hili: kipokezi kinaonekana, kimeng'enya kinaonekana, lakini kinachoviunganisha hakionekani. Kabla hujaandika kwamba muungano haupo, tafuta umekatikia wapi. Mara nyingi umekatikia mezani pa maabara: kwenye sabuni iliyoyeyusha utando, kwenye lebo iliyobandikwa upande usiofaa, au kwenye umri wa seli zilizotumika.

Ramani ya kushika kichwani ni hii. Vijenzi vya GluN2A na GluN2B vya kipokezi cha NMDA, aina mojawapo ya vipokezi vya glutameti, vina mikia mirefu ndani ya seli, na mikia hiyo huishia kwa herufi nne za asidi za amino, ESDV. Herufi hizo ndizo zinazoshikwa na PSD-95, protini ya kiunzi (inayoshikilia nyingine mahali pake) yenye asidi za amino 724 na vikoa vitano, yaani sehemu zenye umbo na kazi zake: PDZ vitatu, SH3 kimoja, na GK kimoja ambacho hakina tena kazi ya kimeng'enya. PDZ1 na PDZ2 hushika kipokezi. PDZ2 hushika pia nNOS, inayotengeneza naitriki oksaidi kalsiamu inapoingia, na vikoa vya PDZ hushika SynGAP, inayobana njia ya Ras, moja ya njia za ishara ndani ya seli. Upande wa pili kuna protini nyingine tatu za kiunzi: GK hushika GKAP, GKAP hushika Shank, na Shank hushika Homer kwa sehemu yake yenye prolini nyingi. Homer nayo hushika mikia ya mGluR1 na mGluR5, vipokezi vingine vya glutameti, pamoja na kipokezi cha IP3 kwenye ghala la kalsiamu, kote kwa mfuatano wa PPXXF (P ni prolini, F ni fenilalanini, X ni asidi yoyote ya amino). Vipokezi vya AMPA, aina nyingine tena ya vipokezi vya glutameti, havimo moja kwa moja katika mnyororo huu: vinafikia PSD-95 kupitia protini iitwayo stargazini, ambayo mkia wake huishia kwa TTPV.

Mnyororo wote umejengwa kwa mishiko dhaifu iliyo mingi. Ndiyo maana unavunjika kwa urahisi mikononi.

Ukivuta PSD-95 kwa kingamwili, GluN2B haiji

Kuvuta ni kunasa protini kwa kingamwili iliyoshikwa na shanga ndogo ili wenza wake waje nayo. Anzia kwenye mashapo, yaani kinachozama chini ya tyubu baada ya kuzungushwa. Katika ubongo uliokomaa, PSD-95 na vipokezi vya NMDA vimejifunga ndani ya msongamano wa baada ya sinapsi, diski ya protini yenye unene wa nanomita 30 hadi 50 hivi, na sabuni ya Triton X-100 ya 1% haiwezi kuifumua. Ukisaga hipokampasi katika bafa ya Triton kisha ukaizungusha kwenye sentrifuji, sehemu kubwa ya unachokitafuta inabaki chini ya tyubu, nawe unamimina kimiminika cha juu kwenye shanga ukidhani umebeba kila kitu. Kupima ni rahisi: yeyusha mashapo kwa sabuni kali ya SDS ya 2%, kisha pitisha mashapo na kimiminika kwa viwango vinavyolingana kwenye jeli moja. PSD-95 ikiwa karibu yote iko kwenye mashapo, usibadilishe kingamwili, badilisha sabuni.

Njia iliyozoeleka ni sabuni ya deoksikoleti kwenye pH ya juu. Saga tishu katika sodiamu deoksikoleti ya 1% na Tris ya milimola 50, pH 9.0, pamoja na vizuizi vya proteasi. Iache kwenye nyuzijoto 37 kwa dakika 30. Ongeza Triton hadi ifike 0.1%, zungusha kwa 100,000 g kwa saa 1, kisha dayalaizi kimiminika cha juu usiku kucha kwenye nyuzijoto 4 dhidi ya Tris ya milimola 50 pH 7.4 yenye Triton ya 0.1%. Baada ya dayalisisi zungusha tena, kwa sababu chochote kilichoganda usiku kitashikamana na shanga na kukupa bendi za uongo.

Hapa watu huharibu kwa namna mbili. Kwanza, wanapima pH ya bafa kabla ya kuongeza deoksikoleti au vizuizi na hawarudii baadaye. pH ikishuka karibu na 7 sabuni yenyewe inageuka utelezi mithili ya uji, na protini inanasa humo. Pili, wanaweka kalsiamu au magnesiamu kwenye bafa, na deoksikoleti inatoka kama unga mweupe. Ukiona mmumunyo wako umeganda au una mawingu, usiendelee kwa matumaini; utengeneze upya.

Wengine hukimbilia SDS kwa sababu inayeyusha kila kitu. Ni kweli, ila inafungua protini kutoka kwenye umbo lake, hivyo mwenza anayeshikwa na kikoa cha PDZ anaachiliwa hapo hapo. Baki na SDS kwa maswali mengine, kama vile kujua iwapo PSD-95 imewekewa yubikwitini au kijenzi kimewekewa fosfeti, kisha uizimue kwa Triton nyingi kabla ya kuongeza kingamwili. Usiichanganye na chumvi za potasiamu wala usiiweke kwenye barafu, maana itatoka kama fuwele.

Ikiwa protini imeyeyuka vizuri na bado mwenza haji, angalia uoshaji. Mshiko wa PDZ na mkia wa kipokezi ni wa kiwango cha mikromola, maana yake unaachia ndani ya muda mfupi. Osha mara tatu tu, dakika 5 kila mara, kwenye baridi, kwa chumvi ya milimola 150. Ukipanda hadi milimola 500 ili "kusafisha", utabaki na kingamwili safi isiyo na mgeni.

Kisha iulize kingamwili inashika wapi. Kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya ncha kabisa ya mkia wa GluN2B inagombania mahali pale pale panaposhikwa na PSD-95: itavuta GluN2B iliyo huru na kuiacha iliyoungana. Upande wa PSD-95, klooni K28/43 inayotumika sana ilitengenezwa dhidi ya asidi za amino 77 hadi 299, yaani eneo la PDZ1 na PDZ2. Kwa bloti, yaani kusoma protini zilizotenganishwa kwenye jeli, ni nzuri sana. Kwa kuvuta, jaribu pia kingamwili ya eneo jingine na uvute kwa pande zote mbili, mara kwa PSD-95 na mara kwa kipokezi, kwa mikrogramu 2 hadi 5 za kingamwili kwa kila mikrogramu 500 za protini.

Umri nao hudanganya. Katika nyuroni za hipokampasi za panya zilizokuzwa kwenye sahani, wiki ya kwanza SAP102 ndiyo iliyotawala na vipokezi vingi vina GluN2B. PSD-95 na GluN2A huongezeka kadiri sinapsi zinavyokomaa. Anayevuna siku ya 7 asilaumu kingamwili kwa kutoona walichoona wenzake siku ya 21. SAP102, PSD-93 na SAP97 ni ndugu wa PSD-95 na vikoa vyao vinafanana, hivyo kuzima jeni ya PSD-95 peke yake kunaweza kuacha vipokezi vya NMDA vikiwa vimeshikwa na hao wengine. Kabla ya kusema "PSD-95 haihitajiki", pima na ndugu zake.

La mwisho kwenye dalili hii ni fosfeti. Kimeng'enya CK2 huweka fosfeti kwenye serini ya 1480 ya GluN2B, ndani ya ESDV yenyewe, na PSD-95 hushindwa kushika. Kwa hiyo muungano unaweza kupungua kwa sababu ya kweli ya kibiolojia. Pima serini hiyo kwa kingamwili yake kwenye sampuli zile zile, na hakikisha vizuizi vya fosfatasi vilikuwemo tangu tone la kwanza la bafa.

Mwenza amekuja, lakini una shaka

Shaka ni haki. Sabuni inapofungua utando, protini ambazo ndani ya seli hazikutani kamwe huogelea tyubu moja. Kipimo kizuri ni kutengeneza seli zenye GluN2B pekee na seli zenye PSD-95 pekee, kuchanganya mimumunyo yao baada ya kuyeyusha, kisha kuvuta. Mwenza akija kwa wingi ule ule kama ilivyo kwenye seli zenye zote mbili, ulichopima ni muungano uliozaliwa ndani ya tyubu. Kingamwili isiyo na shabaha, ya mnyama yule yule na kiasi kile kile, ni ya lazima. Tishu ya panya asiye na jeni husika ni bora kuliko vyote, ikipatikana.

Homer ina mtego wake. Homer1b na Homer1c hukaa karibu na kilodaltoni 45 hadi 47, na mnyororo mzito wa kingamwili uko kwenye 50. Homer1a, yenye asidi za amino 186 tu, iko karibu na 28, jirani kabisa na mnyororo mwepesi wa 25. Bendi nono iliyokaa hapo baada ya kuvuta huenda ni kingamwili yako mwenyewe. Funga kingamwili kwenye shanga kwa kemikali ya kuunganisha kama DMP au BS3, au vuta kwa kingamwili ya sungura na usome kwa ya panya, ukitumia kingamwili ya pili inayotambua mnyororo mwepesi pekee unapotafuta Homer ndefu. Kwa Homer1a hiyo ya mwisho haifai. Utakuwa umeiweka bendi juu ya bendi.

Bendi iko mahali pasipotarajiwa

PSD-95 inakokotolewa kuwa kilodaltoni 80 hivi lakini husomeka 95 kwenye jeli, na hilo si kosa. GluN2B iko karibu na 180, na inahitaji jeli ya 6% hadi 7.5% na uhamishaji wa polepole: volti 30 usiku kucha kwenye baridi, na methanoli isizidi 10%. Ukitumia programu ya haraka iliyowekwa kwa protini ndogo, GluN2B inabaki ndani ya jeli na wewe unaandika "haipo". Paka jeli rangi ya Coomassie baada ya kuhamisha ndipo ujue.

mGluR5 haipendi kuchemshwa. Kwenye nyuzijoto 95 vipokezi hivi vyenye kupita utando mara saba hugandana na kubaki juu ya jeli. Vipashe kwenye nyuzijoto 37 kwa dakika 30. Hata hivyo utaona bendi mbili, moja karibu na 140 na nyingine juu ya 250. Ya pili ni jozi, kwa kuwa vipokezi hivi hukaa wawili wawili.

Ukiona kipande cha GluN2B karibu na 115, au PSD-95 imepungua huku vipande vidogo vikiongezeka, mtuhumiwa ni kalpaini. Kimeng'enya hiki huamshwa na kalsiamu na hukata mkia wa GluN2B, yaani kamba yenyewe inayofungwa kwenye kiunzi. Hufanya kazi kwa kasi tangu ubongo unapokosa damu. Toa ubongo haraka, ugandishe kwa naitrojeni ya maji, na weka EGTA milimola 2 hadi 5 na leupeptini kwenye bafa. EDTA peke yake si bima hapa. Na kumbuka kwamba kipande hicho chaweza kuwa matokeo halisi ya jaribio lako ikiwa uliziumiza nyuroni kwa glutameti. Sampuli isiyoguswa iliyovunwa kwa muda ule ule ndiyo itakayoamua.

Kwenye seli za HEK293 au COS-7 hakuna muungano kabisa

Hizi ni seli zisizo nyuroni, ambazo huingizwa DNA ya protini unazotaka kupima. Chunguza lebo kwanza. Kikoa cha PDZ kinataka ncha C iliyo wazi, ikiwa na kaboksili yake huru. Ukibandika GFP, protini inayong'aa kijani, mwishoni mwa GluN2B au stargazini, umefunika ESDV au TTPV, na hakuna kiasi cha DNA kitakachorekebisha hilo. Weka lebo mwanzoni mwa protini, baada ya ishara ya usafirishaji.

Kwa PSD-95 ni kinyume. Sistini ya 3 na ya 5 hupokea mafuta ya palmiti, na mafuta hayo ndiyo yanayoipeleka kwenye utando wa sinapsi. GFP ikikaa mwanzoni, PSD-95 inatapakaa seli nzima. Iweke mwishoni. Kidhibiti kizuri ni PSD-95 ambayo sistini hizo mbili zimegeuzwa kuwa serini: kwenye nyuroni inapaswa kukosa vitone vya sinapsi. Kizuizi cha 2-bromopalmiteti hufanya kazi inayofanana, ila kinagusa protini nyingine nyingi, kwa hiyo kisiwe ushahidi wako pekee.

Seli zinakufa siku moja baada ya kuingiza GluN1 na GluN2, vijenzi vya kipokezi cha NMDA? Chombo cha kukuzia kina glutameti na glaisini za kutosha kufungua vipokezi muda wote. Ongeza APV, kizuizi cha kipokezi cha NMDA, mikromola 200 au zaidi mara baada ya kuingiza DNA, na uioshe kabla ya kupima. Seli zinazobaki hai bila APV mara nyingi ni zile ambazo hazikuchukua DNA, na hapo matokeo yako yote yanatoka kwa seli zisizo na kipokezi.

Kwa nNOS angalia toleo. nNOS-alfa ya kilodaltoni 160 ina kikoa cha PDZ chenye kidole cha beta kinachoingia kwenye PDZ2 ya PSD-95. Matoleo ya beta na gama hayana sehemu hiyo, kwa hiyo hayashiki. mGluR1 nayo ina matoleo: mGluR1a ina mkia mrefu wenye mahali pa Homer, mGluR1b haina. Ni vitu vya kusoma kwenye ramani ya plasmidi kabla ya kupoteza wiki.

Vitone havionekani chini ya hadubini, au vinaonekana kila mahali

Paraformaldehaidi ikikaa muda mrefu inasuka msongamano wa sinapsi hadi kingamwili ishindwe kupenya. Kwa seli za kwenye sahani jaribu dakika 5 hadi 10 za paraformaldehaidi ya 4%, au methanoli ya nyuzijoto hasi 20 kwa dakika 10. Kwa vipande vya ubongo, mmeng'enyo mfupi wa pepsini kabla ya kingamwili hufungua njia. Muda wake lazima upimwe kwa kila tishu, kwa sababu ukizidisha kipande kinachanika.

Ukiingiza PSD-95-GFP kwa wingi, sinapsi zenyewe hunenepa na mikondo ya AMPA hupanda. Unaangalia ulichokisababisha. Tumia promota dhaifu, au kingamwili ndogo ya ndani ya seli ya aina ya FingR inayotambua PSD-95 ya asili bila kuiongeza.

Kuhusu rangi mbili kulaliana: hadubini ya kawaida ya konfokali inatenganisha vitu vilivyo umbali wa nanomita 200 hadi 250, na msongamano mzima wa sinapsi una upana wa nanomita 200 hadi 500. Karibu kila protini ya sinapsi italaliana na jirani yake. Ukitaka kudai ukaribu, mbinu ya PLA inashuka hadi nanomita 40 na ile ya FRET chini ya 10. Manjano kwenye picha si ushahidi wa kushikana.

Muungano upo, ila ERK au CREB haijibu

ERK ni kimeng'enya na CREB ni protini inayowasha jeni; zote mbili huwekewa fosfeti ishara inapofika. Tazama kwanza kiwango cha mwanzo. Nyuroni kwenye sahani huzungumza zenyewe kwa zenyewe, na ERK yaweza kuwa imeshawaka kabla hujagusa. Ziweke TTX (huzima mipigo ya nyuroni) mikromola 1, pamoja na APV 50 na CNQX (huzuia vipokezi vya AMPA) 10 ukipima njia ya mGluR, kwa saa chache kabla ya DHPG, inayoamsha mGluR1 na mGluR5. Kisha DHPG mikromola 100 kwa dakika 5 huonyesha ERK ikipanda. Ukivuna dakika ya 30 unaweza kukuta imesharudi chini. MPEP, kizuizi cha mGluR5, mikromola 10 inapaswa kuizima. Isipoizima, ishara haikutoka kwa mGluR5.

Kwa NMDA, njia ya kuamsha inabadilisha jibu. Bikukulini mikromola 50, inayoondoa breki ambayo nyuroni huwekeana, huamsha vipokezi vya ndani ya sinapsi na CREB hupata fosfeti. Glutameti iliyomwagwa kwenye sahani nzima hufungua na vile vya nje ya sinapsi, na hivyo huzima CREB. Watu wawili wenye majibu yanayopingana wanaweza kuwa sahihi wote. Usisahau kwamba magnesiamu huziba tundu la kipokezi utando ukiwa umetulia, na kwamba bila glaisini au D-serini kipokezi hakifunguki.

SynGAP ikipungua kwenye PSD-95 baada ya kuamsha NMDA, usitafute kosa. Kimeng'enya CaMKII huiwekea fosfeti na SynGAP huondoka kwenye kikonyo cha sinapsi, jambo linaloachilia Ras.

Kinachosahaulika zaidi ni Homer1a. Homer ndefu zina sehemu ya kujisokota inayoziunganisha nne nne, hivyo zinaweza kushika mGluR5 kwa mkono mmoja na Shank au kipokezi cha IP3 kwa mwingine. Homer1a haina sehemu hiyo: inashika mGluR5 lakini haiiunganishi na kitu. Tena jeni yake huamshwa na shughuli za nyuroni zenyewe ndani ya saa chache. Kifafa, mazingira mapya ya mnyama, hata kubadilisha chombo cha kukuzia asubuhi ya jaribio kunaweza kuipandisha, na ikipanda mGluR5 inaanza kutoa ishara bila kusubiri glutameti. Dalili yake ni kiwango cha mwanzo kilicho juu na DHPG isiyoongeza kitu. Kingamwili ya ncha N huona Homer1 zote. Ya ncha C ya Homer ndefu haioni Homer1a. Tumia zote mbili kwenye bloti moja, na panga kazi ili sahani zote ziguswe kwa saa ile ile.

Peptidi ya kukata muungano haifanyi kazi

Tat-NR2B9c, peptidi inayoiga mkia wa GluN2B (zamani NR2B), ni YGRKKRRQRRR (sehemu ya Tat, inayoipitisha kwenye utando) ikifuatiwa na KLSSIESDV, na kidhibiti chake huishia kwa EADA badala ya ESDV. Kwa mGluR5 na Homer, ALTPPSPFR hufuata Tat, na kidhibiti ni ALTPLSPRR. Agiza zote mbili pamoja, na hakikisha mtengenezaji haongezi amidi kwenye ncha C ya ile ya ESDV. Ni chaguo la kawaida kwenye fomu za kuagiza, na linaua mshiko wa PDZ kabisa.

Nyuroni kwenye sahani hupewa Tat-NR2B9c nanomola 50 kwa saa 1. Ukipanda hadi mikromola kadhaa, mkia wa Tat wenyewe, wenye chaji nyingi chanya, huweza kupunguza kalsiamu inayoingia, nawe utadhani umekata kiunzi. Peptidi inayokata muungano tu inapaswa kuacha mkondo wa NMDA ulivyo na kupunguza naitriki oksaidi. Pima vyote viwili.

Kama jaribio lina damu, plazima au dawa za kuyeyusha mabonge, fikiria plasmini, kimeng'enya kinachokata protini. Nerinetaidi, jina la kitabibu la Tat-NR2B9c, ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,105 wa kiharusi katika jaribio la ESCAPE-NA1 lililochapishwa mwaka 2020. Kwa ujumla haikushinda dawa bandia. Dalili za nafuu zilionekana kwa wasiopewa alteplesi, dawa ya kuyeyusha mabonge ya damu. Alteplesi huzalisha plasmini, na plasmini hukata baada ya laisini na arijinini, ambazo mkia wa Tat umejaa. Kwa sampuli kama hizo toa peptidi kabla ya alteplesi ukiwa na nafasi ya kutosha, au tumia peptidi iliyotengenezwa kwa asidi za amino za aina ya D.